Sekunde Tisa za Ukurasa wa Dawa

Kila Alhamisi zamu ya simu ilikuwa yangu. Saa moja kamili asubuhi, kabla ya kengele, nilikuwa nimeshatembea kutoka Magarama hadi shuleni kwetu Mushasha, hapa Gitega, Burundi, nimefagia chumba cha kompyuta, nimefuta vumbi kwenye seva, na nimeketi na daftari mbele yangu nikisubiri simu iite. Jina langu ni Vumilia. Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu na maringo ya mtu wa thelathini.

Usidhani seva yetu ilikuwa kitu cha ajabu. Ilikuwa kompyuta kuukuu yenye feni inayokoroma. Kazi yake ilikuwa kutunza ukurasa mmoja wa intaneti na kumpa kila aliyeuomba kwa simu yake. Ukurasa huo tuliuita "Dawa Iko Wapi". Kila asubuhi vituo sita vya afya, kuanzia Makebuko ya jirani hadi Muyinga ya mbali, vilitupigia simu kutueleza dawa adimu zimebaki ngapi. Sisi wanafunzi wa klabu ya kompyuta tuliandika kwanza kwenye daftari, kisha tukaingiza kwenye seva. Siku hizo mafuta ya gari yalikuwa yameadimika, na mtu hakuweza kuzunguka hovyo akitafuta dawa. Ilimbidi ajue inapopatikana kabla hajatoka nyumbani.

Tatizo letu lilikuwa moja tu: ukurasa ulijikokota. Kila mtu alipouomba, seva ilikwenda kutafuta habari zote kwenye diski yake ya zamani, na hilo lilichukua sekunde tisa. Watu ishirini wakiomba kwa pamoja, ilikwama kabisa.

Fundi wetu, Mwalimu Namegabe, mtu wa Bukavu aliyehamia Gitega, ndiye aliyetufundisha dawa ya tatizo hilo.

"Seva iko kama duka ya mama yako, Vumilia," aliniambia. "Mtu akiomba maharagwe, mama anaingia kule nyuma kwa gunia kila mara?"

"Hapana, Mwalimu. Ana beseni mezani. Anachota hapo."

"Voilà! Diski ni gunia, iko mbali. Kumbukumbu ya kompyuta ni beseni, iko karibu. Jibu ikishatafutwa mara moja, tunaiweka kwa beseni, na batu wengine wote wanachota hapo. Hiyo ndiyo inaitwa kashe. Lakini sikia vizuri: kila sekunde sitini, mwaga beseni, rudi kwa gunia. Habari ya dawa inabadilika. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilielewa kweli, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Niliitengeneza kashe kwa mikono yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, na nikaandika sitini pale alipotaka sitini. Ukurasa ukawa unafunguka kufumba na kufumbua. Ila kila dakika ilipokwisha, mtu mmoja mwenye bahati mbaya alingojeshwa zile sekunde tisa, seva ikirudi kwenye gunia.

Jumatano tulitembelewa na wageni wa mambo ya afya. Tulipofanya majaribio ya mwisho kabla hawajaingia, ile bahati mbaya ikamwangukia Audax, mwenzangu wa klabu ambaye ulimi wake haujui kupumzika.

"Ee, Vumilia! Amsha seva yako, imelala tena!"

Wote wakacheka. Moyo wangu ukawaka. Mwalimu Namegabe alikuwa ametoka kuwapokea wageni mlangoni. Nikavuta kibodi, nikafuta sitini, nikaandika elfu themanini na sita na mia nne. Hizo ni sekunde za siku nzima. Beseni halingemwagwa tena hadi kesho yake alasiri.

Wageni walibofya, wakabofya tena, na ukurasa haukusita hata mara moja. Walipiga makofi. Mwalimu alinishika bega akasema Jumamosi nitakwenda naye Muyinga kuwaonyesha wauguzi wa huko. Nilijiambia nitarudisha sitini jioni. Jioni ikaja, nami nilikuwa na shughuli ya kusifiwa.

Sasa ni Alhamisi, saa moja na dakika kumi. Simu ya kwanza ilitoka Muyinga, kwa muuguzi Lucia.

"Amahoro, mwanangu. Andika: insulini, sufuri. Zile chupa nne za mwisho zimetoka jana jioni."

Simu ya pili ilitoka kwa muuguzi Dominiko wa Makebuko. "Leo tuna habari njema. Tulikuwa hatuna kitu, lakini tumepokea insulini chupa sita. Ziko kwenye friji."

Niliandika kwenye daftari, nikaingiza kwenye seva. Kanuni ya klabu ilitutaka tufungue ukurasa na kuhakikisha kwamba umebadilika. Kengele ikalia. Mimi, bingwa wa jana, nilifunga daftari nikaenda darasani.

Wakati wa mapumziko, saa nne, Audax alinijia mbio uwanjani, uso unang'aa.

"Leo nimesaidia mtu! Mama Eliud alikuja getini saa mbili na nusu. Eliud mgonjwa, chupa yake ya insulini imevunjika tangu jana asubuhi. Nimemfungulia ukurasa. Nikamwambia, mama, Makebuko hakuna, kimbia Muyinga, ziko nne. Amepata gari la abiria la Hamadi, ameondoka na mtoto."

Mama Eliud ni jirani yetu Magarama. Eliud ana miaka tisa na ana kisukari. Bila insulini mwili wake hauwezi kutumia chakula anachokula, na siku moja tu bila sindano inatosha kumlaza chini.

"Umesema ziko ngapi Muyinga?"

"Nne. Kwani vipi?"

Nilikimbilia chumba cha kompyuta, nikafungua ukurasa. Makebuko: sufuri. Muyinga: nne. Nikafungua daftari. Makebuko: sita. Muyinga: sufuri. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilifanya haraka kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote. Nilimwaga kashe yote, nikarudisha sitini, nikafungua ukurasa upya. Zikapita sekunde tisa. Makebuko: sita. Muyinga: sufuri. Sasa ukurasa na daftari vilisema jambo moja, na hakuna mtu duniani aliyejua kilichotokea isipokuwa mimi.

Mlango ukafunguka. Mwalimu Namegabe aliingia, Audax nyuma yake. Audax alikuwa amemsimulia wema wake, naye Mwalimu alitaka kuona. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma. Akageuka polepole.

"Audax. We umesoma nini?"

"Nne, Mwalimu. Muyinga nne."

"Iko sufuri! Na Makebuko, hapa karibu, iko sita! Umetuma mama na mtoto mgonjwa mpaka Muyinga kufuata dawa ambayo haiko?"

Audax alisogea, akasoma, akasugua macho. "Mwalimu, niliona nne. Naapa niliona..." Akasoma tena. "Au labda nimeruka mstari. Labda nilisoma vibaya."

Audax, ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata mchezo wa kokoto, alianza kuyashuku macho yake mwenyewe. Nami nilisimama pale, mkono juu ya daftari. Nikinyamaza, nitakwenda Muyinga Jumamosi. Nikinyamaza, Audax ataishi akidhani ndiye aliyemtesa mtoto wa watu. Nilinyamaza kwa muda, sijui ni sekunde ngapi, lakini zilizidi tisa.

"Audax alisoma vizuri," nikasema. "Ni mimi, Mwalimu. Jana niliandika siku nzima badala ya sekunde sitini. Nilitaka wageni wasingojeshwe. Ukurasa aliouona ulikuwa wa jana. Nimeumwaga sasa hivi ili msijue."

Mwalimu Namegabe alinitazama. Nilitamani anigombeze, yaishe.

"Utalia badaye," alisema. "Gari iko wapi?"

Alimpigia Mama Eliud. Simu ilikuwa imezimwa. Namba ya Hamadi hakuna aliyekuwa nayo. "Kimbia parkingi, uliza. Mi napigia Dominiko," akasema, na nilikuwa nimeshavuka mlango.

Nilikimbia njia yote kutoka Mushasha hadi parkingi ya magari ya Muyinga, sare imelowa jasho mgongoni. Parkingi ilikuwa tupu. Palikuwa na mzee mmoja tu kwenye stuli, yule anayeandika majina ya abiria.

"Hamadi? Ameondoka saa tatu kasoro robo," alisema. "Simu yake imeharibika tangu juzi. Leo ni yeye peke yake aliyepata mafuta, na akishafika Muyinga harudi mpaka apate mengine. Labda Jumatatu."

Jumatatu! Eliud angefika Muyinga asikute dawa, na asipate gari la kumrudisha.

"Kwani kuna nini, binti?"

Ningeweza kusema tu kwamba dawa imepatikana karibu. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nilimweleza yote, nikihema, huku nimeshika magoti. Mzee alisonya kwa muda mrefu.

"Watoto wa siku hizi na mashine zenu," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta simu mfukoni. "Hamadi ana tumbo lake. Hawezi kupita Buhiga bila kula mishikaki kwa Kasilda. Ngoja."

Simu iliita mara tano. Kisha sauti ya mwanamke ikasikika, na nyama ikichomwa nyuma yake.

"Kasilda! Hamadi yuko hapo?"

"Ameshakula. Anawasha gari."

"Mzuie! Mkimbilie!"

"Heee! Kwani ameiba?"

"Mkimbilie, dada, kuna mtoto mgonjwa ndani!"

Tulisikia miguu, kisha sauti ya Kasilda ikipiga kelele kwa Kirundi, kisha honi ndefu. Mzee alinitazama, nami nilimtazama. Nilikuwa nimemshika mkono bila kujua.

"Haya, nimesimama," sauti nzito ikasema. "Huyu mama amejitupa mbele ya gari langu na upepeo wa jiko. Kuna nini?"

Nilimwomba Hamadi anipe Mama Eliud. Aliposhika simu, nilimsikia Eliud akitapika.

"Ni nani? Vumilia? Mtoto ana hali mbaya, anapumua mbiombio. Tegemeo langu ni Muyinga tu."

"Mama Eliud, usiende. Muyinga hakuna. Iko Makebuko."

"Makebuko? Hapo Makebuko tu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani alisema Muyinga?"

"Ni mimi. Ukurasa ulikuwa wa jana, na mimi ndiye niliyeufanya ubaki wa jana. Ulichoonyeshwa hakikuwa kweli."

Simu ikakatwa. Papo hapo nilimpigia Mwalimu kwa simu ya mzee, nikampa namba ya Kasilda.

Niliporudi shuleni, Mwalimu alikuwa amepanga kila kitu. Dominiko alikuwa ametia chupa mbili za insulini kwenye sanduku la baridi la chanjo na kupanda pikipiki ya kituo, iliyokuwa na akiba yake ya mafuta. Hamadi alikuwa amempeleka Eliud kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu na Kasilda. Hapo hawakuwa na insulini, lakini walimtundikia maji ya mshipani wakimsubiri Dominiko. Saa sita hivi, kutoka dirishani, niliona pikipiki ikipita barabarani, sanduku la buluu limefungwa nyuma. Haikupunguza mwendo.

Mwalimu hakunigombeza hata wakati huo. Alinionyesha orodha ambayo seva hujiandikia yenyewe. "Tazama. Tangu asubuhi, batu kumi na tisa wamefungua ukurasa. Beseni umemwaga, vizuri. Lakini hawa kumi na tisa wamekwisha kuchota. Utawafikia namna gani?"

Niliweka tangazo jekundu juu ya ukurasa, nikaeleza kosa, kisha mimi na Audax tukavipigia vituo vyote sita, kimoja kimoja, tukiwaomba wamwelekeze vizuri yeyote atakayekuja kwa habari za jana. Kila simu ilianza kwa maneno yale yale: "Naitwa Vumilia, nimekosea."

Saa nane kasoro dakika kumi, simu ya zamu iliita. Alikuwa Dominiko.

"Amechomwa sindano. Kupumua kumeanza kutulia, na amemwita mama yake. Watamwangalia mpaka kesho, lakini tumemwahi."

Hapo ndipo nililia. Audax alinisogezea leso yake, chafu kabisa, nami niliipokea.

"Nisamehe, Audax. Nilikuacha usingiziwe."

"Kwa muda mfupi tu," alisema. Kisha akaongeza, kwa sababu ni Audax, "Lakini nilikuwa nimeanza kutafuta miwani."

Kesho yake alasiri, Eliud aliporudishwa nyumbani na gari la wagonjwa, mama yangu, Josefina, alinishika mkono tukaenda kwao na bakuli la maharagwe. Mama alikulia Tanzania, ukimbizini Kigoma, na ana msimamo wake kuhusu maneno. "Dukani sisemi maharagwe yapo kabla sijatia mkono ndani ya gunia," alikuwa ameniambia njiani. "Ulijifunza kuchota, hukujifunza hilo."

Mama Eliud alipokea maharagwe, akayaweka chini. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. "Jana nilitaka kukupiga," aliniambia. "Mzee wa parkingi amenieleza ulivyokimbia, na kwamba ulisema mwenyewe bila kuulizwa. Kwa hiyo sikupigi. Lakini bado nina hasira, mwanangu. Niache nayo kidogo."

Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa haki yake.

Nilijua safari ya Muyinga imenipita. Lakini Jumamosi asubuhi Mwalimu Namegabe alinikuta getini. "Panda gari, mafuta ya safari iko," alisema. "Hutaenda kuonyesha. Utaenda kusimulia. Na kuanzia leo, hakuna mutu atabadilisha namba kwa seva peke yake, hata mimi. Macho mawili hayatoshi."

Muyinga, wauguzi kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya ukumbi wa kituo. Nilisimulia yote, tangu makofi ya wageni hadi Audax aliposugua macho yake. Hakuna aliyecheka. Muuguzi Lucia, ambaye nilikuwa naijua sauti yake tu, alikuwa mama mfupi mwenye miwani, ameketi mbele kabisa.

"Kumbe ulinisikia vizuri niliposema sufuri," alisema nilipomaliza. "Juzi wawili walikuja hapa na hizo habari zako za jana. Walitembea kwa miguu, na nikawarudisha. Nilikesha nikijiuliza kama nilisahau kupiga simu."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Audax alishuku macho yake, na Mama Lucia alishuku kumbukumbu yake, wote kwa sababu yangu. Niliinama nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe. Sasa sikia, na nyinyi nyote sikieni," alisema. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa nalo ni maradhi. Kila mtu hukosea, hata sisi wenye sindano mkononi. Lakini kosa likisemwa mapema, lina tiba. Likifichwa, anayelipa ni mtu mwingine asiyejua hata limetoka wapi. Ungenyamaza saa moja zaidi siku ile, mtoto huyo angekuwa wapi?"

Mwalimu Namegabe aliniambia nifungue ukurasa ili wauone.

Juu kabisa palikuwa na mstari mpya niliouongeza Ijumaa, Audax akiwa pembeni yangu: habari hizi zimechukuliwa saa ngapi na dakika ngapi. Nilibofya. Bahati mbaya ya dakika ile ikatuangukia sisi. Kioo kikabaki cheupe, mbele ya wauguzi kumi na wawili. Nilisikia masikio yakiniwaka, kama siku ile ya wageni.

"Samahani," nikasema. "Inarudi kuchukua habari mpya. Ni sekunde tisa."

Mama Lucia alivua miwani yake, akaifuta polepole kwa kanga.

"Mama Eliud alipanda njia ya Buhiga na mtoto anayekufa mapajani," alisema. "Sisi tumekaa kwenye benchi, binti yangu. Tutangoja."

Tukangoja wote, mpaka ukurasa ukafunguka.